Mchaichai: Dawa ya Homa, au Njia ya Kuchelewa?

MUUZA MAJANI: Mchaichai hauna siri. Fundo moja sokoni Kasindi, hapa mpakani, halimshindi hata mtu aliyebakiwa na chenji ya shilingi za Uganda tu mfukoni. Akifika nyumbani anaosha majani, anayakunja mara mbili, anayafunga kwa kamba ya mgomba, lile shina jeupe la chini analiponda kwa jiwe, kisha anaacha sufuria ichemke. Mafua, gesi tumboni, homa ya usiku, maumivu ya mama aliyejifungua juzi: vyote nimeviona vikitulia. Wengine wanauita sitroneli. Ni ule ule. Sasa vijana wa kituo cha afya wanapita wakisema tunawachelewesha wagonjwa mpaka wanakufa. Nielezeni, jani la chai linamuua nani?

MUUGUZI: Chai haimuui mtu, Mama. Mimi pia naunywa asubuhi, na mandazi. Ugomvi wangu uko kwenye neno moja katika orodha yako: homa. Huku bondeni, tukitazamana na Mpondwe ya Uganda, homa tunaihesabu kuwa malaria hadi kipimo kikatae. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na aina inayotusumbua zaidi ndiyo ile inayoweza kumtoa mtoto kwenye kucheza hadi degedege na kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana tunasema mtoto mwenye homa apimwe na kutibiwa ndani ya saa 24. Akiletwa siku ya nne, na mama yake akaniambia alikuwa anamfukiza kwa mvuke wa mchaichai, sitasema mchaichai ulimpa sumu. Nitasema ulimlia siku tatu.

MUUZA MAJANI: Na homa iliyoshuka je? Mtoto ametoka jasho, amelala, asubuhi anaomba uji. Hayo macho yangu yamenidanganya?

MUUGUZI: Yameona kweli, ila yameona nusu. Vijidudu vya malaria vinazaliana ndani ya chembe za damu, halafu vinazipasua kwa mikupuo. Vikipasua, homa inapanda. Baadaye inashuka yenyewe, mtoto anachangamka, kisha inarudi. Ukimfukiza wakati ilikuwa tayari inashuka, sifa inakwenda kwa sufuria. Jasho limempoza ngozi, maji ya moto yamempa nguvu kidogo, na vijidudu viko pale pale. Mbaya zaidi, mama akishaona homa imeshuka mara moja, homa ya pili haimtishi tena. Anarudi kwako kununua fundo jingine.

MUUZA MAJANI: Lakini wasomi wenu wenyewe wameupima mchaichai. Kuna mwanafunzi wa chuo hapa alinisomea: Wakameruni waliwapa panya wenye malaria mafuta ya mchaichai na vijidudu vikapungua. Au msomi akisema ni sayansi, na mimi nikisema ni ujinga?

MUUGUZI: Alikusomea vizuri. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005, na vijidudu kwa panya wale vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini tuupigie hesabu. Matokeo makubwa zaidi yalipatikana kwa miligramu 500 za mafuta safi kwa kila kilo ya uzito wa panya. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 30 za mafuta. Kilo nzima ya majani mabichi haitoi hata gramu 10. Kwa hiyo mtu mmoja angehitaji zaidi ya kilo tatu za majani, yakamuliwe kwa mtambo, mafuta yasipotee hata tone, na bado hakuna anayejua ini lake lingeyapokeaje. Wewe unamuuzia fundo la majani kumi na tano, na sufuria yake iko wazi. Ile harufu tamu inayojaa nyumba ndiyo mafuta yenyewe yanayoondoka. Tena panya wale walianza kupewa dawa mara tu baada ya kuambukizwa. Nani hapa Kasindi anaijua siku aliyoumwa na mbu?

MKULIMA WA KINKINA: Hesabu nzuri, kijana wangu, lakini usiifunge hapo. Mimi nalima kinkina juu huko, upande wa Butembo. Mti nausubiri miaka saba na zaidi, kisha naubandua gome, nalianika, nalipeleka kwa mnunuzi. Kwinini mliyotuchoma sisi wote tulipokuwa watoto ilitoka kwenye gome kama hilo. Wenyeji wa milima ya Amerika ya Kusini walikuwa na mti huo kabla ya daktari yeyote wa Ulaya kuusikia. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini mwaka 1820. Je, mwaka 1819 gome lilikuwa ushirikina, mwaka 1820 likawa dawa? Mti ulikuwa ule ule.

MUUGUZI: Mti ule ule, Baba, ila kipimo kilibadilika, na kipimo ndicho dawa. Gome la mti mmoja lina kwinini nyingi, la mwingine kidogo. Anayelichemsha hajui kama amekunywa pungufu, vijidudu vibaki, au amekunywa kupita kiasi, masikio yaanze kuvuma na macho yapungue nuru. Unalima kinkina, je, mjukuu wako akishikwa na malaria unamchemshia gome la shambani?

MKULIMA WA KINKINA: Hapana. Nampeleka kwenu.

MUUGUZI: Basi umenijibu.

MKULIMA WA KINKINA: Sijamaliza. Nampeleka kwenu kwa sababu kuna watu waliokaa miaka mingi na gome hilo wakalipima. Swali langu ni nani atakaa na mchaichai. Tazama pakanga ya Wachina. Kitabu cha tabibu wao Ge Hong, wa karne ya 4, kilisema jani lilowekwe kwenye maji, likamuliwe, linywewe. Mama Tu Youyou alisoma hapo akatambua kwamba kuchemsha kunaiharibu dawa, akaitoa bila moto mkali, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mnayowapa watoto leo kwa homa ya malaria imetoka kwenye jani hilo. Aliyeandika kile kitabu hakuwa na maabara. Alikuwa na wagonjwa na macho, kama huyu Mama. Nyinyi mnamwambia akae kimya wakati pengine ameshika nusu ya jibu.

MUUGUZI: Pengine. Lakini pengine si dawa. Na mfano wako una mguu wa pili: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono chai ya pakanga kwa malaria, ingawa dawa inatoka humo humo. Chai inakupa dozi usiyoijua, na dozi pungufu inawafundisha vijidudu ukaidi. Kama jani lenye dawa iliyothibitishwa haliruhusiwi kwa chai, mchaichai utapitia wapi?

MUUZA MAJANI: Haliruhusiwi na nani? Waliokataa hawaji kulala huku.

MKULIMA WA KINKINA: Na hilo ndilo linalonikera. Gome langu likishuka kutoka mlimani, likafika kwa mnunuzi, likaenda Bukavu ambako kuna kiwanda cha kwinini, au likavuka mpaka, linarudi likiwa kidonge ndani ya boksi, na mimi nalinunua. Mchaichai hauna hata bahati hiyo. Unaota nyuma ya kila nyumba. Unagawanya shina, unachomeka, mvua ikinyesha umepata. Kitu ambacho kila mtu anacho uani hakimtajirishi mtu, kwa hiyo hakuna tajiri wa kugharimia utafiti wake. Halafu mnasema haujathibitishwa.

MUUGUZI: Umepimwa, Baba, na watu wasio na kiwanda cha kuuza. Huko Brazili wanaunywa kama sisi ili wapate usingizi na kutuliza moyo. Mwaka 1986 watafiti wao walitoa matokeo ya kuwanywesha watu chai ya mchaichai, wakiwalinganisha na waliokunywa chai ya bandia. Usingizi haukuzidi, wasiwasi haukupungua. Lakini pia hawakuona sumu. Huo ndio ukweli wa pande mbili ninaoweza kusimama nao: kwa chai ya kawaida haudhuru, na sifa zake ni kubwa kuliko kazi yake. Hata hii habari ya kuupanda mlangoni ufukuze mbu. Mafuta ya kufukuza mbu yanakamuliwa kwenye jamii nyingine ya nyasi hiyo hiyo, na hata hayo ukijipaka yanaisha nguvu ndani ya saa chache. Mmea uliosimama mlangoni haumkatazi mbu kuingia. Chandarua ndicho kinachomkataza.

MUUZA MAJANI: Sasa nisikilizeni na mimi, maana mnaongea kama kwamba mama mwenye mtoto anachagua kati ya fundo langu na hopitali yenu iliyofunguliwa, yenye taa, yenye dawa. Achague nini? Dawa ya malaria mnasema ni ya msaada, lakini fishi, ile karatasi ya mgonjwa, inalipwa. Akilipa, anaambiwa vipimo vimeisha, arudi Jumatatu. Au anaandikiwa dawa akanunue dukani. Hayo maduka ya dawa nani anajua vidonge vyake vilipikwa wapi? Mchaichai nikikuuzia, unaunusa, unajua ni mchaichai. Kidonge utakinusa?

MUUGUZI: Hapo sikupingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema dawa 1 kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au hafifu, na dawa za malaria ziko mstari wa mbele. Lakini jibu la kidonge bandia ni kukikagua. Mtu haachi kula kwa sababu kuna duka liliuza unga mbovu.

MUUZA MAJANI: Anaacha kwenda kwenye duka hilo. Na maduka yenu yote yana mlango mmoja.

MUUGUZI: Basi tuseme lile ambalo kila mtu hapa analikwepa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewashika watu 3,470, na 2,287 kati yao wamezikwa. Ebola inaanzaje? Kwa homa, kichwa, mwili kuuma. Kama malaria. Beni watoto wengi waliipata kwenye vile vituo vya tiba mseto, nusu jadi nusu kizungu, ambako mtoto wa malaria alilazwa kando ya mgonjwa wa Ebola, sindano na majani chini ya paa moja. Na Juni 2019 familia iliyokwisha kumwuguza babu yao huku ilivuka kwenda Uganda kwa njia za panya, na mtoto wao wa miaka mitano akafia hopitali ya Bwera. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kila homa tunayoituliza nyumbani bila kuijua ni dau, na anayelipa si mgonjwa peke yake.

MUUZA MAJANI: Vile vituo vilikuwa na sindano, Muganga, na sindano si majani. Mimi simchomi mtu. Na kama tunataja yote, tutaje yote. Hopitali zenu pia ziliambukiza. Wauguzi wenyewe waliugua.

MUUGUZI: Zaidi ya 160. Nayajua hayo kuliko wewe.

MUUZA MAJANI: Najua, na nawalilia. Lakini uliza kwa nini watu walificha homa. Walificha kwa sababu aliyesema "nina homa" alichukuliwa na gari, na waliobaki hawakujua kama watamwona tena. Desemba 2018 tukaambiwa Beni na Butembo hazipigi kura kwa ajili ya Ebola na usalama, wakati soko limejaa na makanisa yamejaa. Karibu nchi nzima ikapiga, sisi tukangoja Machi, rais ameshaapishwa. Mtu akishaona ugonjwa unatumika kumnyima kura, utamwambia nini kuhusu kipimo cha damu? Mchaichai haukuniuliza jina wala mtaa. Ndiyo maana ulikuwa na wateja.

MKULIMA WA KINKINA: Hapo Mama amegusa penyewe. Lakini kumbukeni pia Novemba mwaka ule ule. Wakubwa wa afya waliona Beni homa za malaria zinafunika zile za Ebola, wakaamua kugawa dawa ya malaria nyumba kwa nyumba, walengwa hadi 450,000, pamoja na vyandarua. Hawakusubiri mtu aje na fishi. Walibisha hodi. Kwa hiyo inawezekana. Inawezekana pale ugonjwa unapowatisha na watu wa mbali. Malaria ikiwa yetu peke yetu, hodi haipigwi.

MUUGUZI: Nakubali aibu hiyo. Lakini imani iliyovunjika haijengwi kwa kuuza tumaini. Mama, unakumbuka Loliondo? Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja kwa shilingi 500, dawa ya mzizi wa mugariga. Magari yalipanga mstari wa kilomita na kilomita, watu wakafia foleni. Wapo waliokuwa kwenye dawa za UKIMWI wakaziacha. Yule babu hakuonekana tapeli. Bei yake ilikuwa ndogo kama yako, na moyo wake pengine mzuri kama wako.

MUUZA MAJANI: Usinifananishe na Babu wa Loliondo. Yeye alisema kikombe kinaponya UKIMWI, kisukari, kila kitu. Mimi nasema mchaichai unatuliza. Wanaopita na vipaza sauti wakisema dawa moja inatibu magonjwa arobaini, hao kawakamate. Na tusisahau kwamba mwaka 2020, korona ilipoingia, waliohimiza kujifukiza Tanzania hawakuwa wauza majani. Walikuwa wakubwa wa serikali. Mkubwa akijifukiza ni sera, mama wa sokoni akifukiza ni ujinga.

MUUGUZI: Kosa la mkubwa halisafishi la mdogo. Na kufukiza kwenyewe kuna hatari unayoijua. Unamfunika mtoto wa miaka miwili blanketi na sufuria inayochemka katikati ya miguu. Akirusha mguu mara moja tu, umeongeza kidonda cha moto juu ya malaria.

MUUZA MAJANI: Mtoto mdogo sishauri afukizwe. Namwambia mama ampe ya kunywa, vuguvugu.

MUUGUZI: Unamwambia. Limeandikwa wapi?

MKULIMA WA KINKINA: Halijaandikwa popote, na hapo ndipo wenzetu wametupita. Tanzania walitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002, wana baraza la kusajili waganga wa jadi na dawa. Uganda, hapo ng'ambo, dawa ya miti ya Covidex ilipotoka mwaka 2021, mamlaka yao ya dawa ilikaa ikaamua: iuzwe kama msaada kwa mgonjwa, isitangazwe kuwa inaponya korona. Unaweza kubishana na uamuzi huo, lakini mpaka uliwekwa. Kwetu wizara ina programu ya tiba za jadi mjini, na kila tarehe 31 Agosti tunasikia redioni ni siku ya tiba asilia ya Afrika. Ikifika tarehe 1 Septemba, Mama yuko sokoni peke yake na Muganga yuko kituoni peke yake.

MUUGUZI: Basi mpaka tuuweke sisi. Mafua, gesi, kuchoka, mtu mzima anayetaka kitu cha moto: uza, na Mungu akubariki. Lakini homa kwa mtoto chini ya miaka mitano, au mwanamke mwenye mimba, fundo lisitoke mezani kabla hujauliza amepimwa wapi. Na mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea shingo: huyo usimuuzie kitu. Mwambie akimbie.

MUUZA MAJANI: Na wewe utatoa nini? Maana naona mimi ndiye ninayepunguza biashara.

MUUGUZI: Sema unachotaka.

MUUZA MAJANI: Mama akija kwenu akasema "nilimpa mchaichai", msimfokee mbele ya watu. Ninyi ndio mmewafundisha kudanganya. Ukimuuliza umempa nini nyumbani, anajibu "hakuna", kwa sababu mwenzake aliyesema kweli aliitwa mjinga, foleni nzima ikacheka. Mnapoteza habari ambazo zingewasaidia. La pili, mkiishiwa vipimo, bandikeni karatasi mlangoni mapema, mtu asitembee kutoka kule mashambani bure na mtoto mgongoni.

MUUGUZI: La kufoka, nitawaambia wenzangu, na nitaanza na mimi mwenyewe. La karatasi, mkubwa wangu hatalipenda. Kutangaza upungufu ni kama kujishtaki.

MUUZA MAJANI: Basi mwambie mkubwa wako kwamba mimi pia silipendi la kumfukuza mteja.

MKULIMA WA KINKINA: Mmeanza kupeana masharti. Angalau.

MUUGUZI: Lakini sharti langu la kwanza silipunguzi. Homa ya mtoto haina "tusubiri tuone". Hata kama chai imempa jasho, hata kama ameomba uji.

MUUZA MAJANI: Nimesikia. Atakuja kwangu mama na mtoto wa homa, nitamwambia: peleka, usinunue. Sasa mimi nakuuliza. Ni saa 2 usiku. Kituo cha karibu naye kimefungwa, muuguzi wa zamu ameondoka mapema kwa sababu kulisikika risasi. Hopitali kubwa iko kwenye barabara hii hii ya Beni ambako magari yamechomwa moto na watu ndani yake, ambako mchana misafara imewahi kusindikizwa na wanajeshi. Mwenye pikipiki amekataa, na simlaumu. Mtoto anawaka. Nimwambie nini?

MUUGUZI: Mwambie amvue nguo nzito, ampanguse kwa maji ya vuguvugu, aendelee kumnyonyesha, ampe maji. Akiwa na parasetamoli ya mtoto ampe kwa kipimo cha uzito wake. Alfajiri mtu wa kwanza barabarani awe yeye.

MUUZA MAJANI: Maji ya nini?

MUUGUZI: Maji tu, Mama. Yaliyochemshwa.

MUUZA MAJANI: Yakiwa na mchaichai ndani?

MUUGUZI: Yakiwa na mchaichai ndani hayatamdhuru. Yakimfanya mama yake asiamke alfajiri, yatamuua.

MUUZA MAJANI: Ataamka. Wewe hakikisha akifika mlango uko wazi.